Ukiandika kuhusu majengo yenye mizimu, anza na tarehe

Kabla hujaandika sura hata moja, tafuta maandishi ya zamani kabisa yanayoutaja huo mzimu. Rudi nyuma: vitabu vya wageni, magazeti ya zamani, kisha kumbukumbu za kanisa na mahakama. Mara nyingi kifo kinadaiwa kutokea miaka 300 iliyopita, lakini hadithi yenyewe haionekani popote mpaka jengo lilipoanza kupokea watalii. Pengo hilo liandike waziwazi. Msomaji anastahili kulijua.

Uingereza ina mtego wake. Hadi 1751 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo hati ya Februari 1640 kwa hesabu yetu ni Februari 1641. Halafu mwaka 1752 zikarukwa siku 11: baada ya 2 Septemba ikaja 14. Usipolijua hilo utamwona marehemu amezikwa kabla hajafa, au utaandika kwamba mzimu hutokea "siku ileile aliyouawa" kumbe sivyo. Daftarini weka tarehe kama ilivyoandikwa, na pembeni ile uliyogeuza.

Kwa mashahidi, swali la kwanza liwe: uliona mwenyewe au ulisimuliwa? Waache wamalize ndipo uulize saa, taa na mahali waliposimama. Ukiwatajia mapema "mwanamke mwenye gauni jeupe", kila atakayefuata atamwona huyohuyo. Wahoji mmojammoja, kamwe si kikundi.