Jinsi ya kupiga rifu ya Smoke on the Water bila kuikosea, na stori ya moto wenyewe

Wadau wa gitaa wa Dodoma, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, njooni hapa. Karibu kila kijana akichomeka gitaa la umeme kabla mazoezi ya kwaya hayajaanza kitu cha kwanza anapiga ni hii rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, na karibu wote wanaipiga kwa uzi mmoja na pik, kile kijiplastiki cha kudonolea nyuzi. Sio hivyo. Leo tunyooshe.

Kabla hujagusa gitaa jua kwanza kilichotokea, maana wimbo huu unasimulia tukio la kweli mwanzo mpaka mwisho. Desemba 1971 hawa Waingereza walienda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu ndani ya kasino ya pale, wakakodi na studio ya kutembea ya bendi ya Rolling Stones, yaani gari zima limejaa mitambo. Kabla hawajaanza, tarehe 4 Desemba kukawa na shoo ya mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa humohumo, mtu mmoja kwenye umati akafyatua fataki ikapiga dari, dari ikashika moto, jengo lote likateketea. Claude Nobs, yule mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, alisaidia kuwatoa vijana nje, ndio maana anatajwa kwenye wimbo. Deep Purple wakabaki wanatazama moshi umetanda juu ya Ziwa Geneva, na siku chache baadae mpiga besi wao Roger Glover akaamka usingizini na lile jina la wimbo mdomoni: Smoke on the Water, moshi juu ya maji.

Muziki wenyewe walianza kuurekodi kwenye ukumbi mwingine mjini, usiku, kelele zikawatoa majirani kitandani, polisi wakaja, mafundi wao wakaizuia milango mpaka teki ikaisha. Kazi iliyobaki wakamalizia kwenye hoteli iliyokuwa imefungwa kwa baridi, magodoro yamepangwa kwenye korido kuzuia mwangwi. Mimi nikisikiliza najua kabisa hawa watu walikuwa na haraka, na hiyo haraka ndio utamu wake.

Haya, shika gitaa. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba, unahitaji wa nne na wa tatu tu. Mpiga gitaa wao Ritchie Blackmore hakutumia pik hapa, alidonoa kwa vidole, kwa hiyo dole gumba liweke uzi wa nne, kidole cha shahada uzi wa tatu, zivute zote mbili KWA PAMOJA, zitoke sauti moja, kama umechelewesha moja hata kidogo utasikia inakwaruza. Mkono wa kushoto laza kidole kimoja juu ya nyuzi zote mbili. Freti, yaani vile vyumba vya shingo ya gitaa ukihesabu toka kichwani, ni hizi (wazi maana yake hubonyezi kitu): wazi, 3, 5. Halafu wazi, 3, 6, 5. Halafu wazi, 3, 5, 3, wazi. Basi.

Watu wa kwaya mnaosoma noti za sofa (do re mi), sauti ya juu ni la do re, la do ri re, la do re do la, na ya chini inaanzia mi inaifuata hivyohivyo kwa umbali uleule. Mi na la, hatua nne. Sasa nenda kasikilize Wagogo wakiimba, sauti zinavyotembea pamoja zimeachana hatua nne au tano, au sikiliza marehemu mzee Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, na zeze lake. Sikio la mtoto wa Chamwino limeshazoea hizi sauti toka mgongoni kwa mama, ndio maana nawaambia vijana wangu waimbe kwanza, wawili wawili, mmoja juu mmoja chini, gitaa baadae. Nimefundisha wengi kwa njia hii chini ya mwarobaini hapa Nkuhungu na inashika siku hiyohiyo.

Ukiwa na bendi usiruhusu wote waingie pamoja. Gitaa peke yake kwanza, halafu hai-hati (yale matoazi mawili ya ngoma yanayofungwa kwa mguu) na kinanda (mpiga kinanda wao Jon Lord alipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye ampilifaya ya gitaa, kwa hiyo mpiga kinanda aweke distoshen, ile sauti nzito ya kuunguruma, asiogope), kisha ngoma nzima, besi mwishoni. Kila anayeingia anaongeza joto.

Albamu yao, Machine Head, ilitoka 1972 na wenyewe hawakuutegemea wimbo huu, ukatoka kama singo 1973 ukafika namba 4 Marekani. Toka hapo ndio rifu ya kwanza ya wanafunzi wa gitaa dunia nzima.

Zoezi la wiki: jirekodi na simu, polepole kabisa, sikiliza pale kwenye freti ya 6 kurudi 5. Wengi wanaikimbiza hapo. Ukiweza kuituliza hiyo sauti moja, chomeka waya.