Namna ya kubuni nembo ya karakana yenye mistari halisi ya mbao

Nembo ya kwanza niliyomchorea seremala mmoja wa Masasi ilikuwa na mistari ya mbao niliyoichukua kwenye intaneti, nami niliiona nzuri mpaka siku mzee mmoja aliyekuja kuagiza kitanda alipoitazama fulana ya fundi na kuniuliza, "Mwanangu, mbao hii ya wapi? Huku kwetu siijui." Ilikuwa picha ya mwaloni wa Ulaya. Wiki hiyo hiyo muhuri wa mpira ulirudi kutoka kwa mchongaji, na ulipogongwa kwenye risiti ukatoa doa jeusi, kwa sababu mistari mingi mno ilikuwa imebanwa mahali padogo. Makosa yote mawili yalikuwa yangu, na utaratibu ninaoueleza hapa umetokana nayo.

Anza kwa kuchagua mti ambao karakana inaufanyia kazi kweli. Watu wengi wa Mtwara na Lindi hukimbilia mpingo, kwa kuwa ndio mti wa wachongaji wa Kimakonde na ndio unaotajwa kila mgeni anapofika, lakini kwa kazi hii mpingo una taabu yake: kiini chake ni cheusi au zambarau iliyoiva, na nyuzi zake zimeshikana kiasi kwamba ukishang'arishwa hauonekani mstari wowote. Anayetaka mpingo kwenye nembo na auoneshe kwa namna nyingine, yaani kwa kuweka kiini cheusi kando ya ile sehemu nyeupe ya nje, kama baadhi ya wachongaji wanavyoiacha kwenye vinyago vyao. Mninga ndio unaofaa zaidi kwa mistari. Mti huu hukua wakati wa mvua na kutulia kiangazi, na kwa kuwa kusini tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kila mwaka huacha alama yake ndani ya gogo. Mbao yake ya kahawia huwa na michirizi iliyokolea ambayo hata mteja asiyejua useremala huitambua.

Kisha tafuta kipande kizuri cha mbao hiyo. Mbao iliyopasuliwa pembeni mwa gogo huonesha vilima vilivyopandana, kimoja ndani ya kingine, ilhali iliyopasuliwa kupitia moyo wa gogo huonesha mistari iliyonyooka. Vilima hupendeza kwenye nembo pana yenye umbo la ubao, na mistari iliyonyooka hufaa ndani ya herufi. Piga randa, piga msasa, kisha futa uso wa mbao kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ili michirizi ijitokeze. Piga picha kivulini, karibu na mlango, simu ikiwa imelala sambamba na mbao, na usiwashe taa ya simu kwa sababu itaacha mng'ao katikati.

Picha hiyo itakusaidia kupata rangi. Kwa mistari yenyewe ninapendelea njia ya mkono. Sugua kipande hicho kwa brashi ya waya, ukifuata urefu wa nyuzi, mpaka sehemu laini zichimbike kidogo na zile ngumu zibaki zimeinuka. Pangusa vumbi, tandaza karatasi nyembamba juu yake, laza penseli ubavu na uisugue polepole, kama watoto wanavyoinakili sarafu. Mistari itajitokeza ikiwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe, na unene wake hautakuwa sawa: mahali pengine unakatika, pengine unavimba. Kutolingana huko ndiko kunakoifanya ionekane mbao ya kweli, na sijawahi kuona mtu akikubuni vizuri kwa kichwa.

Piga picha ya karatasi hiyo na uifungue katika Inkscape, programu isiyolipiwa ambayo hata kompyuta ya zamani huiendesha. Amri iitwayo Trace Bitmap huigeuza picha kuwa mistari ya vekta, ambayo hubaki safi hata ikikuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani. Utapata mamia ya vipande vidogo. Hapa ndipo penye kazi, nayo ni kazi ya kufuta: ondoa vijidoa vyote, kisha ondoa mistari mpaka ibaki kati ya saba na kumi. Usifute tu ile iliyo hafifu, bali acha minene michache na myembamba michache, na hakikisha nafasi kati ya mistari inapanuka katikati ya kilima na kubanana pembeni. Mistari ya mbao haikatizani kamwe. Ikifika kwenye kifundo hujitenga, hukizunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe, kisha hukutana upande wa pili. Kifundo kimoja kinatosha kwa nembo nzima. Ukinakili mstari mmoja na kuubandika mara tatu, jicho la seremala litakukamata hata kama mwenyewe hajui kilichomkera.

Ukitaka mistari ipite ndani ya jina la karakana, chagua herufi nene zisizo na mikia, na acha nyuzi zielekee upande mmoja katika herufi zote, kana kwamba jina zima limekatwa kwenye ubao mmoja. Rangi zisizidi tatu, nazo zichovye kwenye ile picha ya mbao iliyopakwa mafuta.

Hata hivyo, usiguse rangi kabla nembo haijakamilika kwa rangi nyeusi peke yake. Ichape kwenye karatasi ikiwa na upana wa sentimita 2, uishike kwa mkono ulionyooka, na uangalie kama mistari bado inatengana. Nafasi iliyo chini ya nusu milimita huziba wino kwenye muhuri wa mpira. Kwa sababu hiyo ninatengeneza nembo mbili: kubwa yenye mistari yote kwa bango na fulana, na ndogo yenye mistari mitatu au minne kwa muhuri na risiti.

Nembo iliyotokana na mbao yako mwenyewe ina faida nyingine pia: hakuna wa kukudai picha yake. Ukiisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Mafundi wengine hupenda chapa ya chuma inayopashwa moto kwenye mkaa na kugandamizwa chini ya kiti au nyuma ya kabati. Mpe mchomeleaji ile nembo ndogo, na umwambie akuze nafasi kuliko za muhuri, kwa kuwa moto hutambaa kando ya mstari. Kwenye mninga chapa hiyo huonekana vizuri. Kwenye kiini cha mpingo haionekani kabisa, nyeusi juu ya nyeusi, kwa hiyo igandamize kwenye ile sehemu nyeupe ya nje. Nayo kwa kuwa ni nyembamba, pima upana wake kwa rula kabla hujaagiza chuma.