Umekulia dukani, sasa unaanzisha kampuni: cha kubeba na cha kuacha

Aliyekulia nyuma ya kaunta huingia kwenye kampuni changa akijua jambo ambalo wengine hulijua baada ya hasara: pesa inavyozunguka. Lakini hubeba pia mazoea yaliyolifaa duka la familia na ambayo yataiumiza kampuni yenye washirika. Mohammed Dewji, aliyezaliwa Singida mwaka 1975 katika familia ya wafanyabiashara, alisoma Marekani kisha akarudi kuikuza MeTL, kampuni ya familia iliyokuwepo tayari. Wewe unaanza upya, kwa hiyo chambua mazoea yako kabla hujasajili jina la kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara Tanzania.

Kinachofaa kubebwa kwanza ni hesabu ya mzunguko. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umenunuliwa shilingi 130,000 na kilo inauzwa 3,000. Mauzo ni 150,000. Toa kilo moja inayopotea kwenye kupima, faida ghafi inabaki 17,000. Ni ndogo, ila mfuko ukiisha kwa siku mbili, mtaji uleule unazunguka mara 15 kwa mwezi na kuleta 255,000. Ihamishie hesabu hiyo kwenye kampuni. Kumpata mteja mmoja wa programu yako kukigharimu 12,000, naye akakuachia 2,000 kwa mwezi baada ya gharama, pesa yako inarudi mwezi wa sita. Wateja wakiondoka baada ya miezi minne, kila mteja mpya anakutia hasara ya 4,000, na kuongeza matangazo ni kuongeza hasara.

Mali kauli, yaani kuchukua au kutoa bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, nayo ibebe, kwa masharti. Ukipewa siku 14 na msambazaji, mteja wako alipe ndani ya 7. Mzazi wako aliweza kukopesha kwa sababu alijua mdaiwa anaishi wapi na mshahara wake unatoka lini; kampuni yako haiwajui wateja hivyo. Mteja mpya alipe taslimu mara tatu kwanza, na deni lake lisizidi manunuzi yake ya wiki moja.

Kinachoua zaidi ni droo moja ya nyumba na biashara. Dukani unga wa chakula cha jioni hutoka rafuni na ada ya shule hutoka kwenye mauzo ya siku, wala haiandikwi. Shilingi 5,000 kwa siku ni 150,000 kwa mwezi, na hesabu zako zitaonyesha biashara haina faida wakati faida ililiwa. Fungua akaunti ya benki ya kampuni na Lipa Namba yake, namba ya kupokelea malipo ya simu, siku ya kwanza. Jipangie mshahara, hata kama ni 200,000, ulipwe tarehe moja kila mwezi. Ukichukua zaidi, andika kuwa ni deni lako kwa kampuni. Mwekezaji makini ataomba taarifa za benki za miezi 12, na zilizochanganyika na vocha za binamu hazisafishiki baadaye.

Pesa ya ndugu iandikwe siku inapotolewa: kiasi, tarehe, na kama ni zawadi, mkopo au hisa. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Bila hiyo, milioni tano za shangazi hubaki kimya hadi kampuni ipate thamani, kisha kila mtu anazikumbuka kwa namna yake.

Binamu akiwa mwanzilishi mwenza, hisa zake zikomae kwa miezi 48, yaani awe anazipata kidogo kidogo kadiri anavyobaki kazini, na akiondoka kabla ya mwezi wa 12 asipate kitu. Aliyeahidiwa asilimia 24 akiondoka mwezi wa 18 anabaki na 9. Wengi huona aibu kumwekea ndugu sharti hili. Jiwekee na wewe pia, aibu itapungua.

Kuhusu mzee: heshima yake haimpi kura. Kama hana hisa, mpelekee kila mwezi ukurasa mmoja wenye mauzo, matumizi, salio na madeni, uketi naye umsikilize. Uamuzi wa bei na ajira ubaki kwa wakurugenzi, na umweleze hivyo mapema, kabla hajamwahidi kazi mtoto wa jirani.