Kumzoeza Mwanafunzi Kuamua Bila Kuwa na Uhakika

Mwalimu wa Kigoma anayetaka kuwazoeza wanafunzi kukabiliana na mambo yasiyotabirika aanze na wavuvi wa dagaa, ambao huingia Ziwa Tanganyika usiku wa giza wakiwa na taa za kuwavutia samaki, bila kujua watarudi na nini. Gawa darasa katika makundi ya watu wanne, kila kundi liwe na mtumbwi wake wa kuwaziwa, kisha andika kwenye vikaratasi "upepo mkali", "dagaa tele", "wavu umechanika", uvikunje na kuvitia katika kopo. Usiandike "mbalamwezi", ingawa nayo hupunguza nguvu ya taa za wavuvi, kwa kuwa hiyo hujulikana kwa kuhesabu siku, na kutenganisha kinachoweza kujulikana na kisichoweza ni nusu ya somo.

Kabla ya kikaratasi kuchomolewa, kila kundi liandike litatumia fedha kiasi gani kwa safari na litaweka akiba kiasi gani. Baada ya kusomwa, lirekebishe mpango uleule kwa wino wa rangi nyingine, bila kuufuta.

Kazi ngumu ni ya mwalimu mwenyewe, yaani kunyamaza. Anapoulizwa, "Mwalimu, jibu sahihi ni lipi?", ajibu, "Ungependa kujua nini kabla ya kuamua?" Alama zitolewe kwa sababu zilizoandikwa, si kwa matokeo, hata kama kundi lililobahatisha likapata dagaa wengi litalalamika, na kwa uzoefu wangu hulalamika sana.