Kumpikia mgonjwa wa figo bila kumtenga na sufuria yake

Nampikia mama, figo zake ni mbovu, mwaka wa tatu huu. Cha kwanza usikimbilie mapishi, anza na majibu ya vipimo. Potasiamu ikoje, fosforasi ikoje (haya ni madini ya kwenye chakula), maji anaruhusiwa kiasi gani kwa siku, maana wagonjwa wa figo hawafanani, ambaye hajaanza kusafishwa damu mara nyingi anaambiwa apunguze protini, akishaanza anaambiwa aongeze, sasa we ukifuata ya mgonjwa wa jirani utamuumiza wako.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, yani hata kijiko cha chai hakijai, na hapo ni mtu mwenye afya zake. Mi napika sufuria moja ya nyumba nzima bila chumvi, anayeitaka anajiwekea mezani. Walinuna kama wiki mbili hivi wakazoea. Ladha inatoka kwenye kitunguu, kikaange moto mdogo mpaka kiwe kahawia kabisa, usikiharakishe, ndo uweke tangawizi na kitunguu saumu, limau unakamulia ukishaepua. Vile vikyubu vya supu achana navyo, vimejaa chumvi.

Halafu kuna hili lilinikuta. Nilinunua chumvi ya kopo imeandikwa ina sodiamu kidogo, nikajiona mjanja kweli, nikampelekea nesi kumwonyesha, akaligeuza kopo akasoma nyuma akanitolea macho. Kumbe sodiamu wameipunguza wakaweka kloridi ya potasiamu! Na kwa mtu wa figo potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Tangu siku hiyo kopo lolote nasoma nyuma kwanza, na nyama za kusindikwa zikiwa na neno lolote lenye "fosfeti", yani fosforasi ya kuongezwa, narudisha.

Kama kaambiwa apunguze potasiamu, viazi bado anaweza kula kidogo. Menya, kata vipande vidogo vidogo, chemsha kwenye maji mengi mpaka viive, mwaga yale maji yote, usiyafanye supu hata kama yananukia vizuri, potasiamu imehamia humo. Kuloweka tu usiku kucha hakutoshi, kuchemsha ndo kunatoa. Kukaanga au kuoka vikiwa vibichi inabaki humohumo. Mboga za majani nafanya hivohivo, nachemsha namwaga ndo naunga.

Maji ndo ugomvi wa kila siku, sababu supu ni maji, barafu ni maji, hata aiskrimu. Nachofanya, asubuhi najaza jagi kiasi chake cha siku, akitaka kunywa anamimina kutoka humo, akila bakuli la supu naenda namwaga bakuli hilohilo la maji kutoka kwenye jagi, mbele yake. Siku za kwanza aliniita mchoyo, siku hizi anamwaga mwenyewe, na jioni akiona limebaki robo anaomba vipande viwili vya barafu avimumunye taratibu.