Protini katika Sinia la Ugali wa Uwele: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Katika kazi yangu ya ushauri wa lishe kwenye vijiji vya Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, kosa nililolirudia kwa muda mrefu ni kufungua mazungumzo kwa kutaja nyama, mayai na maziwa. Siku moja mama mmoja alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama kunde hazihesabiki. Nyuma ya mlango wake palikuwa na gunia zima la kunde, ambalo alikuwa anataka kuliuza ili apate fedha ya kununua mayai niliyomwagiza. Mwongozo huu umetokana na swali lake.

Hatua ya 1: Fahamu kiasi kinachohitajika

Mwili hutumia protini kujenga na kukarabati misuli, ngozi na damu, na pia kutengeneza vimeng'enya na askari wa kinga. Kwa kuwa hauna ghala la kuihifadhi kama unavyohifadhi mafuta, protini inapaswa kuliwa kila siku, haiwezi kungojewa mpaka siku ya mnada. Shirika la Afya Duniani humkadiria mtu mzima gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo baba mwenye kilo 65 anahitaji gramu 54 hivi, na mama mwenye kilo 55 kama gramu 46. Mtoto wa miaka 6 mwenye kilo 20 anahitaji takriban gramu 18. Mjamzito huongezewa, hasa katika miezi 3 ya mwisho, ambapo nyongeza hufikia gramu 30 hivi kwa siku.

Hatua ya 2: Hesabu ugali, lakini usiishie hapo

Watu wengi hushangaa ninapowaambia kwamba ugali nao una protini. Unga wa uwele una takriban gramu 10 au 11 katika kila gramu 100, hivyo mtu mzima anayemaliza gramu 300 za unga kwa siku amepata zaidi ya nusu ya mahitaji yake kabla ya kugusa mboga. Tatizo liko katika ubora. Protini hujengwa kwa asidi amino, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Uwele, mtama na mahindi vina upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini, na inapopungua moja, zilizobaki haziwezi kufanya kazi ya ujenzi ipasavyo, kama fundi mwenye matofali tele asiye na saruji.

Hatua ya 3: Oanisha nafaka na jamii ya kunde

Kunde, choroko, mbaazi na maharage vina laisini ya kutosha, na upungufu wake uko upande wa methionini, asidi amino nyingine, ambayo nafaka inayo. Ndiyo maana viwili hivi vikiliwa pamoja, au hata ndani ya siku moja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Robo kilo ya choroko kavu ina karibu gramu 60 za protini, na kwa familia ya watu wanne huo ni mchango mkubwa unaopatikana kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia.

Hapa lazima niuseme mlenda, kwa kuwa ndio mboga yetu ya kila siku. Mlenda una madini na vitamini, na hushusha ugali kooni vizuri, lakini peke yake hauna protini ya maana katika kiasi kinachopakuliwa. Dawa yake bibi zetu waliijua: karanga. Zikaange kidogo, zitwange kwenye kinu mpaka mafuta yaanze kuonekana ukingoni mwa mchi, kisha koroga vijiko viwili vya chakula kwa kila mlaji ndani ya mlenda unaochemka, ukikoroga mpaka rangi ya kijani ipauke na mvutano wake uwe mzito. Vijiko hivyo viwili vina gramu 7 hivi za protini, zaidi kidogo ya yai moja. Kwa kuwa karanga zenyewe hazina laisini nyingi, bado kunde au choroko zisikose katika mlo mwingine wa siku hiyo.

Hatua ya 4: Andaa kwa namna isiyoharibu

Loweka kunde na maharage usiku kucha na umwage maji yake. Hupungua muda wa kupika na hupungua vitu vinavyozuia madini kufyonzwa. Magadi hulainisha haraka, nakubali, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi huchagua kuloweka. Maharage yachemke sawasawa, kwa sababu yakiwa nusu mbichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara.

Karanga zichambue moja moja na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Kwa uji wa mtoto aliyefikisha miezi 6, achana na unga wenye nafaka saba. Sehemu tatu za nafaka moja na sehemu moja ya jamii ya kunde zinatosha. Soya ikitumiwa, ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia protini kumeng'enywa. Kijiko cha dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa, huongeza sana thamani ya uji huo.

Hatua ya 5: Gawa kwa vibakuli

Kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi hula mboga ya mwenzake. Mpakulie mtoto mboga yake kwenye kibakuli chake, na isiwe mchuzi mtupu. Aidha, katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, ugali unapopunguzwa mwili huanza kuichoma protini kama kuni ili upate nguvu, hivyo kupunguza ugali hupunguza na faida ya kunde. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hizi bila daktari wake.

Hatua ya 6: Kagua miguu ya mtoto

Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto kwa sekunde 3, kisha achia. Shimo likibaki pande zote mbili, huo unaweza kuwa unyafuzi, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usijaribu kumponya nyumbani kwa kumlisha mayai na maharage mengi: hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa sababu ini na figo zake katika siku za mwanzo haziwezi kuhimili zaidi ya hapo.