Kifaransa cha hesabu za dagaa, kwenye gemu ya mkononi

Pale Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa Mwanza, Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi mtaelewana naye kwa Kiswahili vizuri tu, mpaka mfike kwenye hesabu. Hapo anarukia Kifaransa. Ndiyo maana nikaamua kujifunza, na nimejifunzia kwenye Nintendo DS Lite chakavu ya mwanangu, ile gemu ya mkononi ya vioo viwili inayojikunja, bawaba imepasuka upande wa kulia kama nyingi za aina hiyo. Kama nawe unayo imelala kabatini, usiigawe.

Tafuta kwanza kadi ya gemu inayofundisha lugha. Yangu ni My French Coach ya Ubisoft, ya mwaka 2007. Kadi za DS hazibagui nchi. Iwe ya Marekani au ya Ulaya, DS Lite inaisoma. Maelezo yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo uwe nacho cha kuombea maji. Kadi ikigoma, ichomoe, futa yale meno ya dhahabu kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke, rudisha.

Halafu ingia kwenye mipangilio usawazishe kioo cha chini. Inakuonyesha alama, wewe unazigusa kwa kijiti chake. Ukiruka hapo utaandika huku, wino utokee kule. Na nawa mikono! Mafuta ya dagaa yakishika kile kioo, kijiti kinateleza tu.

Mwanzoni utapewa mtihani wa kupimwa. Usibahatishe. Mimi nilibahatisha, nikatupwa kwenye masomo ya mbele, ikabidi nianze upya.

Mchana mezani nacheza ile michezo ya maneno. Mteja akija nafunika, mashine inalala. Akiondoka nafunua, naendelea nilipoishia. Zoezi la sauti ndilo usilifanye sokoni. Unamsikia Mfaransa akitamka, unajirekodi, kisha unalinganisha mwenyewe kwa sikio lako. Maikrofoni ya DS inabeba kila kitu, mashine za mitumbwi na wapagazi wakigombania mzigo. Mimi nalifanya nyumbani Kitangiri alfajiri, kabla majirani hawajaamka wakadhani nimechanganyikiwa.

Sasa sikiliza hili. Kadi inafundisha Kifaransa cha Ufaransa, ambako sabini ni soixante-dix na tisini ni quatre-vingt-dix. Mkongo, kama Mbelgiji aliyemtawala, anasema septante na nonante. Siku moja mteja alinipigia simu akataka magunia septante. Mimi niliyekariri soixante-dix nilisikia ule mwanzo tu, nikajua ni sept, yaani saba. Nikamtengea magunia saba, nikayashona vizuri, nikaketi. Asubuhi akaja na lori. Aliangalia yale magunia, akaniangalia mimi, akaangalia tena magunia. Nilizunguka kwa wenzangu kukopa mzigo hadi jua likawa utosini.

Kwa hiyo kaa na daftari pembeni ya mashine. Ukifika somo la namba, andika septante na nonante kwa mkono wako, kisha jiulize maswali kwa bei za siku hiyo: septante-cinq (sabini na tano), nonante-deux (tisini na mbili). Ongeza maneno ya biashara yako, maana kadi haikujui: sac ni gunia, facture ni ankara, sec ni kavu. La maana kuliko yote ni sable, mchanga. Dagaa wako kama ni wa kuanikwa kwenye chanja, jifunze kusema sans sable, bila mchanga, hata kabla ya salamu. Ndilo swali la kwanza la mnunuzi, na anatia mkono guniani huku anakuuliza. Neno dagaa lenyewe lisikuumize kichwa, ukisikia ndagala au fretins ujue ndio hao hao. Matamshi ya hayo yote muombe mteja ayaseme kwenye simu yako, urekodi, uyasikilize jioni.

Na themanini? Hiyo inabaki quatre-vingts, ishirini mara nne. Hapo Mkongo naye hakutuhurumia.